Vijana hawajaacha kuongea, ni yale maongezi magumu ndo yamehama

Ukikaa na watu wazima hapa Mwanza, iwe kikao cha harusi Kirumba au msibani Igoma, haipiti muda lazima mmoja atasema vijana wa siku hizi hawajui kuongea na watu, simu zimewamaliza, na wengine wote wanaitikia. Alafu ukikaa na vijana wenyewe wanakwambia mbona sisi tunaongea kutwa nzima, tuna magrupu, tunapigiana video, nyie enzi zenu mlikua mnakaa mwezi mzima hamjui rafiki aliyehamia Geita anaendeleaje. Mi naona pande zote mbili zinasema kweli ila kila upande unazungumzia kitu chake, ndo maana huu ubishi hauishi. Kuna swali la muda, yaani je mtandao unakula muda ambao vijana wangekaa pamoja? Kuna swali la umakini, yaani mmekaa meza moja lakini mwenzako hayupo. Na kuna swali la tatu ambalo halisemwi sana na ndo linaniuma mimi kuliko yote, kwamba ni maongezi gani hasa yametoka mdomoni yakaenda kwenye vidole.

Mi nina steshenari maeneo ya Nyegezi, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa vyuo na waliomaliza sekondari wanaokuja kuomba vyuo na mikopo onlaini, kwahiyo nawaona kila siku kwa karibu, na nyumbani pia ninao.

Tuanze na maongezi ya ana kwa ana yenyewe, maana tunayalilia bila kuangalia yana nini ndani yake. Mwaka 2009 kundi la watafiti, wakiwemo Tanya Stivers na Stephen Levinson wa Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, Uholanzi, walichukua rekodi za watu wakiongea katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ikiwemo moja ya Namibia, wakapima muda unaopita kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu. Wastani ukatoka kama sekunde 0.2 hivi, yaani hata kupepesa jicho hujamaliza. Sasa ubongo unahitaji zaidi ya hapo hata kuandaa neno moja tu, maana yake ni kwamba wewe unaanza kuandaa jibu wakati mwenzako bado anaongea, unasikia sauti yake inashuka, unaona anavuta pumzi, unaona macho yanakutazama kukupa zamu. Nenda pale soko la samaki Mwaloni asubuhi uangalie kina mama wawili wanavyosalimiana kwa Kisukuma, mmoja ana beseni la dagaa kichwani, mwangaluka mayu, mwangaluka, watoto je, nyumba je, jibu la huyu linaingia kwenye mkia wa swali la yule na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Hiyo kazi hakuna aliyefundishwa darasani, umeijua kwa kukaa na watu miaka na miaka.

Kwenye kuchati hiyo kazi yote haipo. Unaandika, unafuta, unaandika tena, unamuuliza rafiki nimjibuje huyu, unaweka simu chini, unajibu kesho. Kuna raha kubwa ndani yake na siwezi kuibeza, hasa kwa mtu mwenye aibu au mwenye kigugumizi, au vijana viziwi ambao video imewapa namna ya kuongea kwa lugha yao ya alama na mtu aliye mbali. Ila mazoezi ya ile sekunde 0.2 hayapatikani huko.

Sasa hilo la muda.

Hapa ndo utafiti umewachanganya watu wengi, kwa sababu matokeo yanaonekana yanapingana. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Marekani, walitoa utafiti wa familia 73 zenye watu 169 ambao walikua ndo wanaingia kwenye intaneti mara ya kwanza, wakawafuatilia mwaka mmoja hadi miwili, wakaona anayetumia sana anapunguza kuongea na watu wa nyumbani kwake na upweke unapanda kidogo. Ikawa habari kubwa. Lakini mwaka 2002 walewale watafiti wakarudi kwenye kundi lile wakakuta ule ubaya umepotea kwa sehemu kubwa, na kwa kundi jipya walilolichukua wakakuta mtu mchangamfu mwenye marafiki tayari anazidi kunufaika na intaneti, ila yule mpole asiye na watu hafaidiki vile. Na hiyo ilikua kabla hata Facebook haijaanza, maana yenyewe ni ya 2004, WhatsApp 2009, Instagram 2010.

Alafu ukaja utafiti wa Jean Twenge wa San Diego State, yeye na wenzake mwaka 2019 waliangalia takwimu za miaka mingi za wanafunzi wa Marekani, zipo zinakusanywa tangu miaka ya 1970, wakakuta kitu ambacho mi kilinifungua macho. Ukimchukua kijana mmoja mmoja, anayetumia sana mitandao ndo huyohuyo anayetoka sana na marafiki, sio kwamba mtandao umemfungia ndani. Lakini ukichukua kizazi kizima, vijana wa sasa wanakutana uso kwa uso kidogo kuliko vijana wa miaka ya 1980 na 1990. Inawezekanaje? Ni kwa sababu kukutana sio jambo la mtu mmoja. Chukulia kijiwe pale Mabatini ambacho zamani jioni walikua wanakaa vijana kumi, saivi saba wapo ndani na bando lao, wale watatu waliobaki hata kama hawana simu kabisa kijiwe kwao kimeshakufa, wanakaa nusu saa wanaondoka. Yule mchangamfu bado anatoka na bado anachati, ila mahali pa kutokea pamepungua kwa wote. Kwahiyo mzazi anayesema mbona wangu anatumia simu na bado ana marafiki yuko sahihi, na mzee anayesema mtaa umekua kimya naye yuko sahihi.

Na kwa hapa kwetu sio simu peke yake, tuwe wakweli. Watu wa Sengerema wanakumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo, unaweza kukaa masaa, unanunua mahindi ya kuchoma, unaongea na mtu usiyemjua mpaka mnajuana ukoo. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, kilomita kama 3 juu ya maji, unavuka ndani ya dakika chache na hujasalimiana na mtu. Hakuna anayetaka foleni irudi, wagonjwa walikua wanateseka pale, mi nasema tu kwamba muda wa watu kukaa pamoja unapungua kwa sababu nyingi na nyingine ni nzuri kabisa, tusiibebeshe TikTok kila kitu.

Kwahiyo swali la muda mi silipi uzito sana. Tuje kwenye meza.

Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, yaani Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn, walichukua watu zaidi ya 300 wakaenda kula mgahawani na marafiki au ndugu, baadhi wakaachiwa simu mezani na wengine simu zikawekwa pembeni. Wale wenye simu mezani walisema akili yao ilikua inahama hama na chakula na maongezi hawakuyafurahia kama wenzao. Tofauti haikua kubwa ya kutisha, ni ndogo, ila ilikuwepo, na hawa ni watu waliokua wanakula na watu wanaowapenda. Kuna utafiti mwingine wa 2012 wa Andrew Przybylski na Netta Weinstein kule Uingereza uliosema hata simu ikiwa imelala tu karibu bila kuguswa, watu wasiojuana wanaoongea jambo la maana wanajisikia hawajakaribiana, ila watafiti wengine waliorudia hicho kitu hawakupata jibu lilelile, kwahiyo hilo la simu iliyolala mi nalichukua kwa tahadhari. La simu inayotumika sina wasiwasi nalo, kwa sababu ukirudi kwenye ile sekunde 0.2 unaona kabisa kinachovunjika. Mtu akiangalia chini sekunde mbili tu zamu imepotea, msemaji anasita, anarudia, anafupisha. Akifanyiwa hivo mara tatu nne stori aliyotaka kuisimulia anaimeza, anasema tu ah basi tu.

Na usidhani kijana anaangalia chini kwa sababu hana adabu. Ile kitu imetengenezwa imvute. Facebook waliweka kitufe cha laiki 2009, kabla yake pale Facebook hakukuwa na namba ya kukuonesha watu wangapi wamekupenda leo. Aza Raskin, mbunifu wa Marekani, mwaka 2006 alitengeneza ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, unashusha na kushusha haufiki chini, na yeye mwenyewe baadaye amesema hadharani anajutia jinsi ulivyotumika. Stetasi inafutika baada ya masaa 24, usipoangalia leo imekupita. Hizi kampuni zinaishi kwa matangazo, kila dakika unayobaki ndani ni hela kwao, kwahiyo kijana wa miaka 17 amekaa na bibi yake anayesimulia habari za Ukerewe na mfukoni kuna wahandisi wa Marekani na China wanalipwa ili amkatishe bibi. Tukimlaumu mtoto peke yake tunamwonea.

Tena wazazi ndo walimu wakubwa wa hiyo tabia. Baba anarudi kutoka kazini anakaa sebuleni na grupu la wana ukoo, grupu la waliosoma pamoja, grupu la kanisani, mtoto anamwambia baba leo tumepewa matokeo, anajibu mmh bila kunyanyua macho. Mtoto akifika umri wa kushika simu yake anafanya alichokiona miaka yote. Kuna nyumba naijua tangazo la chakula tayari linatumwa kwenye grupu la familia wakati wote wako nyumba moja, mama ndo alianzisha.

Haya sasa hilo la tatu, la maongezi gani yamehama.

Pale dukani kwangu anaingia mwanafunzi, shikamoo anti, marahaba, alafu kimya, anaandika kwenye simu, simu yangu inalia, nafungua nakuta ujumbe wake, "kopi mbili, mbele na nyuma, ukurasa wa 1 mpaka 14, ubane kushoto." Yuko mita moja mbele yangu. Mwanzoni ilinikera nikaona hii ni dharau, ila nilivyotulia nikaona kwa hiyo kazi ujumbe ni bora kuliko mdomo, nina maelekezo mbele yangu, sikosei, hapotezi hela, na foleni inaenda. Maelekezo, namba, ratiba, michango ya harusi, eneo la kukutania, hayo yote yakihamia kwenye maandishi sioni hasara, ni faida tupu. Kijana aliyeko chuo anapata notsi zilizopigwa picha kwa dakika moja, zamani ungefunga safari mpaka geto kwa mtu.

Shida ni kwamba mlango huohuo wa urahisi umepitisha na mengine. Kuomba msamaha kumepita, kumwambia mtu nimekuchoka kumepita, kumdai rafiki hela kumepita, kumwambia mzazi nimefeli, kumwambia baba mdogo asante kwa ada, kutoa pole. Haya ndo yale maongezi ambayo mtu tumbo linakukata kabla hujaanza, na ndo yale ambayo sura na sauti zinahitajika kuliko mengine yote. Yamehama kwa sababu ni magumu, na kwa kuwa yamehama vijana hawayafanyii mazoezi, na kwa kuwa hawana mazoezi yanazidi kuwa magumu, unaona inavyozunguka.

Kuna mabinti wawili walikua wanakaa chumba kimoja huku Malimbe, mmoja akachelewa hela yake ya kodi, akamwandikia mwenzie kwamba nitatoa mwisho wa mwezi, mwenzie akajibu "poa tu, fanya unavyoona". Aliyeandika alimaanisha kabisa poa, sina neno, toa ukipata. Aliyesoma akasikia hasira, akasikia nimechoka na wewe. Kama wiki hivi walilala chumba kimoja wanaongea ya chumvi iko wapi tu, huku kila mmoja anaweka stetasi za vijembe, leo huyu kaposti maneno ya marafiki wanafiki, kesho yule kajibu na wimbo, na darasa zima linajua kuna vita ila wenyewe hawajawahi kuizungumza. Walikuja kwangu kuprinti kazi ya grupu, nikaona hawaangaliani, nikauliza mna nini. Mmoja akafungua simu anioneshe jinsi alivyojibiwa. Nikamwambia yule mwenzie hebu isome kwa sauti yako kama ulivyoiandika. Akaisoma, polepole, na sauti ya upole tu ya kawaida, na yule wa kwanza akabaki anamwangalia, alafu akaanza kulia palepale kwenye kaunta. Maneno ni yaleyale, hakuna lililobadilika.

Hili nalo limepimwa. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao wa Marekani waliwapa wanafunzi kazi ya kutuma ujumbe, mwingine wa dhati na mwingine wa kejeli, kwa maandishi na kwa sauti. Waandishi walikua na uhakika mkubwa kwamba mpokeaji atajua lipi ni lipi. Kwa sauti wapokeaji walipatia sana, kwa maandishi walipatia kidogo tu zaidi ya nusu, karibu sawa na kurusha shilingi. Sababu waliyoitoa ni kwamba unapoandika unaisikia sauti yako mwenyewe kichwani, unasahau kwamba mwenzako hana hiyo sauti, ana herufi tu. Na mpokeaji naye anaweka sauti yake, kwa kawaida ile ya hofu yake. Emoji zinasaidia kidogo ila nazo kila kizazi kina maana yake, ukimtumia mama mkwe ile ya kucheka mpaka machozi anaweza kudhani unalia.

WhatsApp wakaongeza petroli Novemba 2014 walipoleta tiki za bluu. Kabla ya hapo mtu asipojibu ulikua na visingizio vya kumpa, labda hajaona, labda hana bando, labda umeme umekatika. Baada ya hapo unajua ameona. Unaweza kuzizima ndiyo, ila nako kuzizima kunasomwa, kwanini umezima, unaficha nini. Uso kwa uso mtu akinyamaza unaona kwanini amenyamaza, anawaza, amekasirika, anatafuta neno, mdomo umejaa ugali. Kwenye simu kimya ni kimya tu na kila mtu anakijaza anavyojua, na nimeona vijana hawali siku nzima kwa ajili ya tiki mbili.

Sisemi kwamba zamani watu walikua mashujaa wa kuambiana ukweli usoni, hapana. Tulikua na barua za mapenzi zilizopitishwa na wadogo zetu, tulikua na mshenga, tulikua na khanga unamvalia jirani yako ujumbe ukafika bila kufungua mdomo. Kukwepa uso kwenye jambo gumu ni kwa zamani sana kwa Mswahili. Ila angalia mshenga alikua anafanya nini, alikua anatangulia ili baadae watu wakae. Mkigombana na mjomba unamtafuta mtu mzima anakupeleka, unakaa kwenye mkeka, unasema mjomba nimekosa. Njia ya kando ilikua inaishia kwenye mkeka. Siku hizi inaishia kwenye "nisamehe basi" na emoji ya mikono, tiki ya bluu, imeisha hiyo, ila haijaisha.

Kwenye msiba ndo linaonekana zaidi. Rambirambi kwa simu ni jambo jema mno, aliye Dar au Oman anatuma na familia inazika kwa heshima. Lakini kijana anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa mfiwa akaandika pole kwenye grupu akaona amemaliza, hilo mfiwa halisahau, namjua mama mmoja amelibeba mpaka leo. Na ukimuuliza kijana kwanini hukwenda anakwambia nilikua sijui niseme nini. Hakuna cha kusema bana, unaingia, unasalimia, unakaa, unasaidia kupanga viti. Hakuna aliyemwambia hivo.

Lipo jambo la kutia moyo hapa na naomba lisipite, ni sauti. Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison mwaka 2012 waliwapa mabinti wadogo wa miaka 7 hadi 12 mtihani wa kuwatia presha, kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya watu wasiowajua, alafu wengine wakaongea na mama zao ana kwa ana, wengine kwa simu, wengine wakachati nao kwa maandishi, wengine hawakuongea na mtu. Wakapima homoni. Waliosikia sauti ya mama, hata kwa simu, homoni ya presha ilishuka na ile ya ukaribu ikapanda. Waliochati kwa maandishi walibaki karibu sawa na wale ambao hawakuongea na mtu kabisa. Yaani maneno ya mama yalifika ila mama hakufika.

Ndo maana mi natetea sana voisi za WhatsApp ambazo vijana wengine wanazilalamikia ni ndefu. Kuna kijana anakuja dukani, mama yake yuko Nansio, kuandika meseji kwake ni kazi kubwa, kwahiyo anarekodi. Kijana anaweka simu sikioni anasikiliza, nyuma unasikia kuku, unasikia mtoto analia, mama anaanza na salamu ndefu kabla ya kufika kwenye hoja. Hiyo sio sawa na kukaa naye jikoni, ila iko karibu sana na jikoni kuliko "mambo mama, nmefika salama". Kama jambo ni la moyo na huwezi kwenda, piga. Kama huwezi kupiga, rekodi.

Kuna kundi moja naliwazia sana, waliomaliza Form Four. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu na za bweni ndo kabisa, kwahiyo mtoto anakaa miaka minne anaongea na watu uso kwa uso asubuhi mpaka usiku, bwenini, kwenye foleni ya chakula, wanagombana wanapatana bila kitufe cha kubloki. Novemba anamaliza, zawadi yake ni simu janja, alafu anakaa nyumbani miezi kibao kusubiri matokeo na kupangiwa, hana kazi, hana ratiba, bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana basi anakesha, asubuhi amelala mpaka saa tano, anaamka hana nguvu ya kumsalimia mtu vizuri. Alafu tunashangaa mtoto alikua mchangamfu imekuaje. Yalda Uhls na wenzake wa California walifanya kitu mwaka 2014 kinachofanana na hili ila kwa kinyume, watoto 51 wa miaka kama 11 na 12 walipelekwa kambi ya siku 5 bila skrini yoyote, wengine 54 wakabaki na maisha yao ya kawaida, na waliokwenda kambini wakarudi wanasoma hisia kwenye sura za watu vizuri kuliko walivyokwenda, na walipiga hatua zaidi ya waliobaki. Siku tano tu. Mi siichukui kwamba skrini ni sumu, kwa sababu kambini vilevile walikua wanashinda pamoja kutwa nzima, inawezekana dawa ilikua ni wale wenzao. Na kwangu mimi hiyo ndo habari njema, kwamba huo uwezo unarudi haraka ukipewa watu. Yule wa Form Four mpeleke akasaidie duka la shangazi yake Igogo, akae na wateja wanaobishana bei, ni bora mara kumi kuliko kumpokonya simu akabaki anaangalia ukuta.

Halafu usidanganyike na wale wanaoongea vizuri kwenye kamera. Nawaona vijana wanarekodi video kule ufukweni jiwe la Bismarck likiwa nyuma yao, sauti kubwa, mikono inaruka, unasema huyu atakua mtangazaji. Huyohuyo anakuja kwangu kuprinti barua ya usaili ananiambia anti naogopa, wakiniuliza maswali nitaishiwa. Ni kweli ataishiwa, kwa sababu kamera haikatizi, haikunji sura, haiulizi swali usilolitegemea, na ukikosea unarudia. Kipaji anacho, mazoezi ya kujibiwa ndo hana.

Sasa kwa mzazi au dada mkubwa anayetaka kumvuta kijana kwenye yale maongezi magumu, vitu vichache nimeona vinafanya kazi. Tumia simu kufungua mlango, mwandikie mchana, "jioni nataka tuongee kuhusu chuo, sio jambo baya", hiyo inamtoa wasiwasi na anajiandaa, alafu jambo lenyewe liwe kwa mdomo. Msikae mkitazamana kama polisi na mtuhumiwa, vijana wengi wanaongea vizuri mkiwa bega kwa bega, mnapara samaki, mnafua, mnatembea kutoka stendi. Akikuandikia jambo zito kwenye ujumbe usimgombeze kwanini hukuniambia usoni, mjibu asante kwa kuniambia, nakuja. Simu zote ziwekwe mbali, ya kwako kwanza. Na akishaanza kuongea, hata kama anaanza vibaya, anarukaruka, anaangalia chini, usimkatize kumpa somo la mitandao, mwache afike mwisho wa hicho alichokileta.